Bahati ya Zuhura inatoka kwa nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika riwaya ya kubuni yenye uchawi ndani yake. Mhusika wangu Zuhura, binti wa miaka 17 wa Pangani, amerithi kwa bibi yake uwezo wa kuvuta bahati: akitaka jambo limwendee sawa, linamwendea. Sura ya nne ngalawa inapinduka usiku akiwa na wavuvi wawili, yeye anapona. Ya tano anashinda mkeka wa mechi sita za Ulaya. Ya sita jambazi anamwelekezea bastola sebuleni, mdogo wake Hamisi amejificha nyuma ya mlango, na bastola inagoma. Nawarushia rafiki zangu sura moja moja kwenye kundi letu la WhatsApp, na sasa wameanza kusema "huyu anabebwa". Niweke masharti gani ili uchawi huu usiiue riwaya? Na je, lazima wasomaji waelezwe masharti yote?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao rafiki zako usiwakasirikie, wamekupa uhariri wa bure, tena wa maana. Timu ikibebwa, uwanja mzima humtazama mwamuzi, na katika riwaya yako mwamuzi ni wewe. Zuhura angekuwa anarusha moto, msomaji angeona moto. Bastola ikigoma tu, msomaji haoni uchawi wowote, anaona kalamu yako. Sadfa ni mali ya mwandishi hata katika hadithi zisizo na uchawi kabisa: wasomaji huikubali sadfa inayomtia mhusika matatani, na huikataa inayomtoa. Wewe umeamua kuandika riwaya nzima juu ya hiyo ya pili. Inawezekana, ila umejitwisha kazi ambayo mwandishi wa hadithi za majini na mashetani hana: kila bahati inapotokea, msomaji awe na hakika kwamba imetoka mahali fulani ndani ya hadithi, haikutoka mfukoni mwako.

Kwa hiyo anza na hili kabla ya masharti mengine yote: bahati anayoivuta Zuhura, kabla hajaivuta, ilikuwa ya nani?

Wengi wanaouchagua uchawi huu hukimbilia jibu moja, kwamba mtu anakopa kwenye bahati yake mwenyewe ya kesho. Leo umepona, mwakani utaumwa. Linavutia, lina haki ndani yake, na halimgusi mtu mwingine. Tatizo ni kwamba kesho ya Zuhura iko mikononi mwako na msomaji hana namna ya kuikagua. Unaweza kuahidi deni sura ya nne ukalisahau hadi mwisho wa kitabu, au ukalilipa kwa kidonda cha kisigino. Deni lisilo na tarehe halimtishi mtu, awe mkopaji au msomaji. Jibu lingine, kwamba bahati imetapakaa hewani na mwenye kipaji anaichota, ni baya zaidi, maana hewa haiishi.

Mimi ningechukua la tatu: inatoka kwa mtu aliye karibu. Na hapo mtaji unao tayari, kwa sababu msomaji wako amelishwa jambo hili tangu utotoni. Anajua maana ya nyota kufifia. Amepita kwenye nguzo ya umeme yenye kibao cha mganga anayesafisha nyota, amesikia kwamba fulani kaibiwa nyota na shoga yake. Anaijua chuma ulete: mwenye duka anauza tangu asubuhi, mchele umepungua, sukari imepungua, jioni anafungua droo na fedha haifanani na mauzo, kwa kuwa noti moja aliyoipokea mchana imeondoka na wenzake kumrudia aliyeitoa. Huna haja ya kumweleza mtu huyu kwamba bahati ina mwenyewe na inaweza kuhamishwa. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Zuhura wako afanye hasa hilo, tena akijua.

Ukishakubali, weka kanuni ya ukaribu na usiivunje hata siku moja. Ningeufanya ukaribu wa mahali kuliko wa damu. Wa damu ni mzuri kwa machozi, lakini unakufunga: ndugu watakwisha mmoja mmoja na msomaji atajua zamu ni ya nani. Wa mahali unampa Zuhura uamuzi kila mara. Avute hapa sokoni, hasara imwangukie muuza dagaa asiyemjua, au asubiri afike nyumbani aliko Hamisi? Wakiwa wengi kwa ukaribu ule ule, wagawane. Na baharini, kwenye ngalawa ya watu watatu, hana pa kukimbilia. Unaona sura yako ya nne ilivyobadilika bila kuongeza tukio hata moja: ngalawa imepinduka, yeye kapona, na wale wawili je?

Kama deni la kesho bado linakuvutia, lipe tarehe basi, na pwani yetu imeshakutengenezea. Mabaharia na wakulima wa zamani walihesabu mwaka wa jua wa siku 365 unaoanza Nairuzi, yaani siku ya mwaka mpya, wakaugawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Miongo 36 ni siku 360. Zinabaki siku tano zisizo na mwongo. Mwandishi gani wa hadithi za uchawi ataziacha siku kama hizo zilale bure? Bahati isivutike kabisa ndani ya siku hizo tano, na kila kilichovutwa mwaka ule bila kupata wa kumwangukia kimrudie aliyekivuta. Kule Makunduchi, Unguja, mwaka huo bado unapokewa kila Julai kwa Mwaka Kogwa: watu wanachapana kwa vigogo vya migomba kumaliza ugomvi uliorundikana, na kibanda cha makuti kinatiwa moto. Usiibebe sherehe ya watu kama ilivyo ukaipandikiza Pangani. Lakini wazo la mwaka unaofunga hesabu zake lipo, na msomaji wa pwani atalipokea bila kuuliza.

Sasa kipimo. Hapa ndipo miswada mingi ya namna hii inapoanguka, maana mwandishi anasema uchawi mkubwa una gharama kubwa na anaishia hapo. Mkubwa kiasi gani? Bahati ina hesabu yake tayari, tangu wanahisabati wa Kifaransa Pascal na Fermat walipoandikiana barua mwaka 1654 kuhusu namna ya kugawana fedha za kamari iliyokatizwa katikati. Itumie. Bibi amwachie Zuhura mfuko wa komwe, zile mbegu za kijivu za kuchezea bao, na kila komwe ivute nusu moja. Jambo la nusu kwa nusu, kama sarafu kuangukia upande anaoutaka, komwe moja. Nafasi moja kati ya nne, komwe mbili. Moja kati ya nane, tatu. Moja kati ya 64, sita. Unakata nusu, unahesabu umekata mara ngapi. Uzuri wake ni kwamba mambo mawili yasiyohusiana yakitakiwa yote kwa pamoja, nafasi zake huzidishwa lakini komwe hujumlishwa tu, kwa hiyo hata bibi asiyejua kusoma anaweza kuwa mhasibu hodari wa bahati. (Mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon alikuja kupima habari kwa mtindo huu huu mwaka 1948, ingawa bibi hana haja naye.) Komwe iliyotumika ipasuke, isikike. Na elewa mgawanyo: komwe ni chombo cha kuvutia, bahati yenyewe ni ya jirani. Komwe tatu zikipasuka, aliye karibu anapatwa na mkosi wa ukubwa ule ule, ambao kwa kawaida ungempata mara moja kati ya nane.

Lakini angalia kipimo hiki kinakupeleka wapi. Chukua bahati nasibu ya kuchagua namba sita kati ya 49. Michanganyiko yote ni 13,983,816. Kwa kukata nusu, hiyo ni kama komwe 24. Ishirini na nne tu! Zuhura akiwa na mfuko wa komwe 30 anajichukulia utajiri wa maisha na chenji inabaki. Kushinda sarafu mara 24 kwa mwaka mzima kunamgharimu sawasawa na muujiza ule. Ukitaka kinyume chake, toza moja kwa moja: nafasi moja kati ya sita, lipa sita, kupata sita mbili kwa dadu mbili, ambayo ni moja kati ya 36, lipa 36, bahati nasibu, lipa karibu milioni 14, yaani sahau. Kipimo hicho cha pili kinazaa hadithi ya mjanja wa vichochoroni anayeishi kwa ushindi mdogo mdogo. Cha kwanza kinazaa hadithi ya mtu anayejinyima muda mrefu kwa ajili ya jambo moja kubwa. Kwa riwaya yenye ngalawa na bastola, chukua cha kwanza, ila mfuko uwe mdogo. Komwe 12, basi.

Kipimo kikishakaa sawa, adui anajiandika mwenyewe. Tajiri anayeijua siri hii atataka kuzungukwa na watu. Atafungua ua wake, atapika pilau kila Ijumaa, atalaza wageni, atalipia wagonjwa. Mji mzima utamwita mkarimu. Akivuta kwa komwe sita huku watu sita wamemkalia ubavuni, kila mmoja anaondoka na mkosi wa sarafu moja tu: huyu kajikwaa, yule kuku wake wamekufa kwa kideri, wa tatu kakosa basi. Nani ataunganisha? Zuhura akivuta kwa komwe hizo hizo mbele ya mtu mmoja, mtu huyo ameangamia. Tajiri anaweza hata kumwambia usoni kwamba njia yake ndiyo yenye huruma, na msomaji akapata taabu kumjibu.

Na komwe zikiisha? Utashawishika kusema zinarudi akivumilia mikosi. Wazo zuri, lakini lipitishe kwanza kwa mchoyo. Kila sharti unaloliandika, jiulize mtu mchoyo, asiye na aibu, mwenye muda mwingi, angelitumiaje. Kwa sharti hilo angejifungia chumbani na sarafu. Anabashiri akiomba ashindwe, anashindwa, komwe moja. Anabashiri tena, nyingine. Alfajiri mfuko umejaa na hakuna kilichompata zaidi ya usingizi. Kwenye lile kundi lenu yumo mmoja atakayeliona hilo kabla sura ya pili haijaisha, na akishaliona, hofu ya kitabu chako imekufa. Kwa hiyo mkosi uwe na uzito: komwe isirudi mpaka apoteze kitu ambacho asingekitoa kwa hiari, na asiwe ameutafuta mkosi huo mwenyewe. Nani anapima uzito? Hapo una ruhusa ya kuacha fumbo. Komwe inarudi mfukoni au hairudi, na Zuhura siku moja ashangae kuikuta imerudi kwa sababu ya jambo alilodhani halikumuuma.

Mipaka ya uwezo wenyewe haihitaji maneno mengi. Bahati iguse lisilokwisha kuamuliwa. Sarafu ikiwa hewani inaguswa. Ikishatua ikafunikwa, imekwisha, hata kama hakuna aliyeiona. Mwonyeshe msomaji hilo mapema na kwa karibu: Zuhura na mpinzani wake wamekaa chini, sarafu iko chini ya kiganja cha yule mtu, mfuko una komwe 11, na hakuna hata moja inayofaa kwa sababu amechelewa kwa pumzi moja. Isiguse mioyo pia. Askari wa barabarani kumwachia apite ni uamuzi wa askari. Filimbi yake kudondokea mtaroni ndiyo bahati. Ukiruhusu bahati ibadili nia za watu umeshaandika limbwata, na hiyo ni hadithi nyingine. Kisha umbali. Ningeukatia pale sauti ya Zuhura inapofika akiita. Samahani, hili linauchana mkeka wako wa sura ya tano: mechi za Ulaya ziko mbali mno, tena zimejaa wachezaji wenye nia zao. Mpeleke kwenye ndondo ya hapo hapo mtaani, asimame nyuma ya goli, kisa kiwe mpira mmoja na upepo.

Halafu mpe mahali ambapo kipaji chake hakifui dafu. Bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64, hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa, kila kete iko mbele ya macho ya wote. Bahati haina pa kuingilia. Mzee wa barazani anayemfunga Zuhura kila siku, taratibu, kikombe cha kahawa mkononi, ni mtu ambaye ningependa kumsoma. Na kumbuka mfukoni mwa Zuhura mna komwe, na komwe ndizo zinazochezewa pale. Siku kete zikipungua mbili akaombwa azijazie, atazitoa?

Sasa kuna jambo hukuliuliza, na mimi naona ndilo lenye riwaya ndani yake. Mji wenye wavuta bahati utawasaka. Utawatambuaje? Kwa kumwangalia anayeshinda mno. Tuseme kigezo ni kushinda sarafu mara kumi mfululizo, ambayo ni nafasi moja kati ya 1,024. Kinaonekana kikali. Lakini mpe kila mtu sarafu katika mji wa watu milioni moja, na watu kama 977 watashinda mara kumi bila uchawi wowote na bila kumwibia mtu. Wavuta bahati wa kweli wakiwa watano, basi kati ya kila watu karibu 200 mtakaowakamata, mwenye hatia ni mmoja. Wale wengine wamebahatika tu, kwa ile bahati ya kawaida isiyo na mwenyewe.

Nasi binadamu hatuiamini bahati ya namna hiyo. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye meza moja ya ruleti, lile gurudumu la kamari, katika kasino ya Monte Carlo, mpira uliangukia weusi mara 26 mfululizo. Wachezaji walizidi kumwaga fedha kwenye wekundu wakiamini zamu yake sasa lazima ifike, na wakazipoteza. Gurudumu halikumbuki lilikoangukia mara iliyopita. Watu ndio wanaokumbuka, na mambo yakirudiarudia humtafuta aliyesababisha. Pangani ya kitabu chako ni ndogo, lakini hata humo, mtaa wowote una mtu aliyepatwa na misiba mitatu kwa mwaka mmoja bila kufanyiwa na mtu, na atataka jina. Atakwenda kwa mpiga ramli.

Ramli chonganishi imefanya nini, tunajua. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, waliouawa kwa sababu kuna walioaminishwa kwamba viungo vyao huleta utajiri na bahati. Vikongwe nao wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo moshi wa kuni za miaka yote ungetosha kuyaeleza. Hapa nina msimamo. Katika riwaya yako bahati isipatikane kamwe kwenye mwili wa mtu mwenye ualbino, wala kikongwe anayenyooshewa kidole asije akawa kweli ndiye mwizi. Kuwaandika wanaoamini hivyo ni haki yako, tena waandike vizuri. Lakini masharti ya ulimwengu uliouumba ndiyo maumbile ya mle ndani. Yakishawapa haki wauaji, hakuna mhusika mwema atakayeweza kuyakanusha.

Ramli yenyewe, ukiuacha uchonganishi, ni hazina kwa mtunga masharti, na inanisikitisha kuona waandishi wetu wakiitaja kwa jina tu, mpiga ramli akitikisa kichwa na kuona mambo. Itazame inavyopigwa. Mpigaji anachoma nukta mchangani kwa haraka, mistari 16, bila kuhesabu. Kisha anazifuta mbili mbili: mstari ukibakiwa na nukta moja, anaandika moja, ukibakiwa na mbili, anaandika mbili. Mistari minne inafanya umbo moja, na kwa kuwa kila mstari una njia mbili, maumbo yanayowezekana ni 16. Sasa ana maumbo manne ya kwanza yamesimama sambamba. Manne mengine anayapata kwa kuyasoma yale ya kwanza kwa ubavu badala ya kwa wima. Baadaye anajumlisha maumbo mawili mawili, mstari kwa mstari: jumla ikiwa witiri, isiyogawanyika kwa mbili, anaandika nukta moja, ikiwa shufwa, inayogawanyika, anaandika mbili. Manane yanazaa manne, manne yanazaa mawili, mawili yanazaa moja la mwisho, nalo ndilo hakimu.

Siri iko kwa hakimu. Kila nukta ya mwanzo imeingia kwenye hesabu mara mbili, mara moja kwa wima na mara moja kwa ubavu, kwa hiyo jumla ya nukta za hakimu ni shufwa siku zote: nne, sita au nane. Kati ya yale maumbo 16, manane hayawezi kamwe kuwa hakimu. Mpigaji akikutolea hakimu wa nukta tano au saba, ama kakosea hesabu ama anakudanganya. Unaona ulichokipata? Mtaa umejaa uani kwa mganga, naye anamtaja mama jirani kuwa ndiye anayekula nyota za watu. Zuhura, aliyelelewa na bibi mwenye ramli yake, anapenya mbele, anainama, anahesabu hakimu aliyechorwa mchangani. Saba. Ana hoja isiyopingika, hakupasua komwe hata moja, na akifungua mdomo kumtetea yule mama watu watamuuliza yeye kayajulia wapi mambo haya.

Swali lako la pili nalijibu kwa ufupi. Wasomaji hawahitaji kuelezwa yote. Waelezwe yale tu yatakayoamua jambo, na waelezwe kabla hayajaamua. Bahati isiokoe roho ya mtu mpaka msomaji ameiona ikifanya kazi kwenye jambo dogo, ameiona ikishindwa, na ameona nani aliyelipa. Usimsimamishe bibi ahutubie kurasa nne. Bibi aseme "usivute ukiwa na mtoto mgongoni" na aendelee kukuna nazi yake, msomaji atamalizia. Sharti moja au mawili yakigunduliwa na Zuhura kwa kuumia, ni bora zaidi. Namba zote, ile 64 na ile 1,024, zibaki kwenye daftari lako: sura, jambo, nafasi yake, komwe zilizopasuka, zilizobaki, nani kaangukiwa.

Hebu sasa tulijaribu daftari hilo kwa sura zako. Anaanza na komwe 12. Michezo ya sura za mwanzo, ile ya kumzoesha msomaji, mbili, zinabaki kumi. Ngalawa: kuogelea gizani hadi ufukweni dhidi ya mkondo wa mdomo wa mto, tuipe moja kati ya nane, tatu, zinabaki saba, na mmoja wa wale wavuvi hakuonekana tena. Ndondo ya sura ya tano, mpira wa mwisho unagonga mwamba na kutoka nje, tuseme moja kati ya nane tena. Zinabaki nne, na nyuma ya goli kuna mtu aliyeumia ambaye wewe utamchagua. Sasa bastola. Bastola iliyotunzwa haigomi ovyo. Tufanye mara moja kati ya 1,000, ambazo ni komwe kumi kasoro kidogo. Ana nne. Hawezi kuigomesha, na msomaji aliyekuwa akihesabu naye anajua hawezi. Komwe nne zinanunua moja kati ya 16. Kwenye mtaa ambao umeme hukatika mara kwa mara, taa kuzimika dakika ile ile inaweza kuwa moja kati ya 16. Komwe nne zinapasuka, sebule inakuwa giza, na risasi inatoka kwa sababu bastola ni nzima. Hasara ya komwe nne inamtafuta aliye karibu kuliko wote. Kwa hiyo kabla hujaandika upya, chora ile sebule kwenye karatasi, pima hatua kutoka kwa Zuhura hadi kwa jambazi na kutoka kwa Zuhura hadi ule mlango alikojificha Hamisi, ndipo uanze sura ya saba.